Kuwasha SSH kwenye kompyuta ya mezani bila kuiacha wazi: mwongozo kamili

SSH, njia ya kuingia na kuiendesha kompyuta kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, huchukua dakika mbili kufungwa (kusakinishwa) kwenye kompyuta ya mezani. Kazi yenyewe ni kuifunga kwa namna ambayo wewe utaingia muda wowote na mtu mwingine hataingia kamwe, na hilo linategemea zaidi mpangilio wa hatua kuliko wingi wa mipangilio. Wengi huanzia mwisho: wanafungua poti (mlango wenye namba ambao huduma hupitia) kwenye ruta, wanaingia kwa nywila, wanafurahi, kisha suala la usalama linasubiri siku nyingine. Roboti zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu poti 22, ile ya SSH, hazisubiri siku hiyo. Mpangilio ulio salama ni huu: washa ndani ya mtandao wa nyumbani au ofisini tu, weka funguo (jozi ya faili zinazochukua nafasi ya nywila), thibitisha funguo zinafanya kazi, zima nywila, thibitisha nywila imezimika, na mwisho kabisa ndipo ufikirie kuingia ukiwa mbali.

SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya wizi wa nywila. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliiandika baada ya mtu kutega programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo. Zana za wakati ule, telnet na rlogin, zilipitisha kila kitu wazi kwenye waya. OpenSSH, ambayo karibu kila mtu anaitumia leo, ilitoka kwa watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999. SSH husimba mawasiliano yote, lakini haiwezi kukusaidia ukiweka nywila dhaifu mbele ya dunia nzima.

Mifano hapa ni ya Ubuntu na Debian, mifumo ya Linux. Windows na Mac zina sehemu yao. Mtumiaji tumempa jina `asha`, na kompyuta ya mezani ina anwani 192.168.1.40. Weka vya kwako. Mpaka umalize kuzima nywila, fanya kazi ukiwa karibu na mashine, skrini na kibodi vikiwa vimechomekwa. Ukijifungia nje ukiwa mbali, hakuna amri itakayokuokoa.

Kuwasha huduma

Sasisha mfumo kwanza, kisha funga seva:

```
sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo apt install openssh-server
```

Usiiruke hatua ya kusasisha. Julai 2024 ilitangazwa hitilafu ya OpenSSH, CVE-2024-6387, iliyomwezesha mshambuliaji, kwa subira, kupata mamlaka ya root (msimamizi mkuu) kwenye Linux bila nywila wala ufunguo. Dawa ilikuwa sasisho tu. Ukiacha mashine ikae hewani, washa masasisho ya usalama yanayojifunga yenyewe kwa kifurushi cha `unattended-upgrades`.

Sasa hakikisha seva inasikiliza:

```
sudo ss -tln | grep :22
```

Ukiona mstari wenye `LISTEN`, iko kazini. Tumia amri hii badala ya `systemctl status ssh`, kwa sababu tangu Ubuntu 22.10 anayesikiliza poti ni `ssh.socket`, na huduma yenyewe huamka mtu wa kwanza anapogonga hodi. Ukiangalia hali ya huduma kabla ya hapo utaiona imelala, utadhani imeharibika, na utaanza kutengeneza kisichoharibika. Kwenye Fedora, aina nyingine ya Linux, kifurushi hufungwa kwa `dnf`, huduma inaitwa `sshd`, nayo huwashwa kwa `sudo systemctl enable --now sshd`.

Faiwoli ifuate hapohapo:

```
sudo ufw limit from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable
sudo ufw status
```

Mstari wa kwanza unaruhusu mtandao wa ndani pekee, na neno `limit` linamzuia yeyote anayejaribu kuunganisha mara 6 au zaidi ndani ya sekunde 30. Ikiwa tayari umeingia kwa SSH, usiandike `ufw enable` kabla ya kuruhusu poti 22.

Anwani ya mashine utaipata kwa `hostname -I`. Ingia kwenye ruta uifunge anwani hiyo kwa mashine hiyo kupitia namba yake ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), maana bila hivyo DHCP, mfumo wa ruta wa kugawa anwani, inaweza kuigawia anwani nyingine baada ya kuzima na kuwasha, nawe ubaki unagonga mlango wa printa.

Kuunganisha mara ya kwanza, na swali ambalo watu hulijibu bila kulisoma

Ukiwa kwenye laptopu, andika `ssh asha@192.168.1.40`. Utaulizwa kama unaitambua mashine hiyo, ukionyeshwa alama ya ufunguo wake inayoanza na `SHA256:`. Karibu kila mtu huandika `yes` na kuendelea. Hili ndilo swali pekee linalokulinda dhidi ya mtu aliyejiweka katikati akijifanya ndiye kompyuta yako, na kulijibu vizuri hakuchukui hata dakika moja. Nenda kwenye kompyuta ya mezani yenyewe, andika:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Linganisha mistari miwili. Tangu OpenSSH 8.0 unaweza hata kubandika alama uliyoinakili kwenye mashine mahali pa `yes`, na programu italinganisha yenyewe kisha kukataa isipolingana. Ukikubali, alama huhifadhiwa kwenye faili `~/.ssh/known_hosts` na hutaulizwa tena.

Siku moja huenda ukakutana na onyo kubwa linalosema `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`. Kama umefunga upya mfumo wa kompyuta ya mezani, au anwani ile imepewa mashine nyingine, sababu inajulikana: futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R 192.168.1.40`, kisha uhakiki alama mpya kama mwanzo. Kama hujabadilisha kitu chochote, simama hapo na usiandike nywila yoyote mpaka ujue kilichotokea.

Funguo

Ufunguo una nusu mbili. Ya siri haitoki kwenye laptopu yako; ya umma unaiweka kwenye kompyuta ya mezani. Tengeneza ukiwa kwenye laptopu:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "laptopu ya asha 2025"
```

Ed25519 imo ndani ya OpenSSH tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika na RSA isipokuwa una kifaa cha zamani sana. Maneno yanayofuata `-C` ni maelezo tu, lakini yaandike kwa makini: siku utakapotaka kuondoa ufunguo mmoja kati ya minne, ndiyo yatakayokuambia upi ni upi.

Ukiulizwa kaulisiri, weka. Bila kaulisiri, yeyote atakayenakili faili hiyo ameingia. Maneno matano au sita yasiyohusiana yanatosha, na huhitaji kuyaandika kila mara: `ssh-add` hukabidhi ufunguo kwa wakala anayeukumbuka mpaka utoke kwenye mfumo.

Peleka nusu ya umma:

```
ssh-copy-id -i ~/.ssh/id_ed25519.pub asha@192.168.1.40
```

Hii ndiyo mara ya mwisho nywila yako itakapotumika kupitia mtandao. Angalia mwisho wa jina la faili: ni `.pub`. Usiitume popote ile isiyo na `.pub`.

Fungua terminali mpya, ingia tena. Ukiombwa kaulisiri ya ufunguo, au ukaingia moja kwa moja, imefaulu. Ukiombwa nywila ya `asha`, seva imeukataa ufunguo, na mara nyingi kosa ni ruhusa za faili. Seva haiuamini ufunguo uliowekwa mahali ambapo watumiaji wengine wanaweza kuandika. Kwenye kompyuta ya mezani:

```
chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys
```

Mstari wa kwanza ndio unaosahaulika. Watu hurekebisha folda ya `.ssh` mara kumi, kumbe tatizo ni folda ya nyumbani yenyewe ambayo kikundi kizima kinaruhusiwa kuandika ndani yake. Kwenye Fedora ongeza `restorecon -R ~/.ssh`, maana SELinux, mfumo wake wa ulinzi, hukataa kimyakimya faili zilizohamishwa kutoka kwingine. Ikigoma bado, soma kinachosemwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja: `ssh -v` kwenye laptopu na `sudo journalctl -u ssh -f` kwenye mashine. Upande wa laptopu hukuambia ufunguo upi umetolewa. Upande wa seva ndio husema kwa nini umekataliwa.

Kuzima nywila

Acha dirisha moja la SSH likiwa limeunganishwa na usilifunge mpaka sehemu hii iishe. Kuwasha upya huduma hakukati miunganisho iliyopo, hivyo dirisha hilo ni njia yako ya kurudi ukikosea.

Usihariri faili kubwa ya `/etc/ssh/sshd_config`. Tengeneza ndogo ya kwako, `/etc/ssh/sshd_config.d/10-salama.conf`:

```
PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
AllowUsers asha
MaxAuthTries 4
X11Forwarding no
```

Namba 10 haikuwekwa kwa bahati. Seva ya SSH, tofauti na programu nyingi, huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo na kupuuza zinazofuata. Baadhi ya mifumo ya Ubuntu ina faili `50-cloud-init.conf` humohumo yenye `PasswordAuthentication yes`. Ukiiita faili yako `99-salama.conf`, ile ya 50 itasomwa kwanza, nywila zitaendelea kukubaliwa, nawe utalala ukiamini umezizima. Hii ni hitilafu mbaya kuliko zote kwenye mwongozo huu kwa sababu haionyeshi dalili yoyote. `KbdInteractiveAuthentication` nayo isiachwe, kwani ni njia ya pili ambayo nywila inaweza kupitia.

Hakiki sarufi ya faili, washa upya, kisha iulize seva yenyewe inaamini nini:

```
sudo sshd -t && sudo systemctl restart ssh
sudo sshd -T | grep -Ei 'passwordauth|kbdinter|permitroot|allowusers'
```

Amri ya `-T` huonyesha mipangilio ya mwisho baada ya faili zote kusomwa. Ukiona `passwordauthentication no`, vizuri. Lakini jaribio la kweli ni la nje. Kwenye laptopu, terminali mpya:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no asha@192.168.1.40
```

Jibu linalotakiwa ni `Permission denied (publickey).` bila kuulizwa nywila hata mara moja. Kisha ingia kwa kawaida kuhakikisha ufunguo bado unakubalika. Majaribio yote mawili yakipita, funga dirisha la akiba.

Ukiwa na funguo nyingi kwenye wakala, unaweza kukutana na `Too many authentication failures`. Laptopu hutoa funguo mmoja baada ya mwingine, na kila uliokataliwa huhesabiwa. Wa nne ukikataliwa, seva hukata kabla ya ule sahihi kufika. Usiongeze `MaxAuthTries`. Iambie laptopu itumie ufunguo upi, kwenye faili yake ya `~/.ssh/config`:

```
Host meza
    HostName 192.168.1.40
    User asha
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 60
```

Tangu hapo `ssh meza` inatosha, na `scp`, `sftp` na `rsync` zote zinalielewa jina hilo. Mstari wa mwisho hutuma ishara kila sekunde 60 ili ruta isiukate muunganisho uliokaa kimya.

Mashine inayolala

Seva iliyokodishwa hailali, ya mezani hulala, na hapa ndipo watu hulaumu SSH bure. Ukipata `Connection timed out` saa moja baada ya kuondoka wakati asubuhi ilikuwa inakubali, mashine imesinzia. Kuzima usingizi kwenye mipangilio ya umeme ya GNOME (mazingira ya dawati ya Ubuntu) kunasaidia ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inasimama kwenye skrini ya kuingilia, na skrini hiyo ina mpangilio wake tofauti unaoweza kuilaza mashine baada ya dakika chache. Dawa ya moja kwa moja:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Ukitaka kuirudisha, neno ni `unmask`. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) tafuta mpangilio wa kuwasha mashine yenyewe umeme unaporudi. Tumia waya wa mtandao ukiweza. Kama ni Wi-Fi, hakikisha mtandao huo umehifadhiwa kwa watumiaji wote, vinginevyo hauunganiki mpaka mtu aingie kwa mkono. Na kama diski nzima imesimbwa, mashine ikiwaka upya itasubiri kaulisiri ya diski kabla SSH haijaamka. Kifurushi cha `dropbear-initramfs` hukuwezesha kuiandika kaulisiri hiyo kwa mbali, ila kinahitaji kusanidiwa na kujaribiwa ukiwa jirani na mashine.

Windows na Mac

Windows 10 tangu toleo la 1809, pamoja na Windows 11, zina OpenSSH ndani yake. Fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Add-WindowsCapability -Online -Name OpenSSH.Server~~~~0.0.1.0
Start-Service sshd
Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic
```

Mtego wa Windows uko kwenye funguo. Kwa akaunti ya msimamizi, seva haisomi faili iliyo kwenye folda ya mtumiaji, bali `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`, na faili hiyo iguswe na Administrators na SYSTEM pekee:

```
icacls.exe "C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys" /inheritance:r /grant "Administrators:F" /grant "SYSTEM:F"
```

Mipangilio iko `C:\ProgramData\ssh\sshd_config`. Kuzima nywila ni kama kule Linux, kisha `Restart-Service sshd`.

Kwenye Mac, fungua System Settings, General, Sharing, uwashe Remote Login na uchague watumiaji wanaoruhusiwa mmojammoja badala ya wote. Funguo na faili za mipangilio ni zilezile.

Kuingia ukiwa mbali

Sasa tu ndipo mlango wa nje uzungumziwe. Chaguo letu ni VPN, yaani njia iliyosimbwa inayokuingiza kwenye mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, na WireGuard ndiyo nyepesi zaidi. Poti yake ya UDP, kwa kawaida 51820, haimjibu kabisa asiye na ufunguo, kwa hiyo anayepita akichunguza haoni kama kuna kitu. SSH inabaki ndani, faiwoli inaruhusu mtandao wa VPN pekee, na hata hitilafu mpya ya OpenSSH ikitangazwa una muda wa kusasisha bila hofu.

Kabla ya kusanidi lolote, linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kukuambia anwani yako. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kuelekeza poti hakutafanya kazi hata ukeshe. Suluhisho ni mashine ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma ambayo pande zote mbili zinaiunganikia, au huduma ya aina ya Tailscale inayofanya hivyo kwa niaba yako. Usisahau IPv6, mfumo mpya wa anwani, pia: kompyuta yako inaweza kuwa na anwani ya umma ya IPv6 bila wewe kuelekeza poti yoyote. Kanuni ya `ufw` tuliyoweka juu inaruhusu IPv4 ya ndani tu, na ndiyo maana ni bora kuliko kuandika `ufw allow 22`.

Ukilazimika kuelekeza SSH yenyewe kwenye ruta, chagua poti ya nje isiyo 22, mfano 22022 kwenda 22 ya ndani. Hilo hupunguza kelele kwenye kumbukumbu za mfumo, lakini si ulinzi. Ulinzi ni nywila iliyozimwa. Kwenye faiwoli, ile kanuni ya mtandao wa ndani haitatosha tena, hivyo ongeza `sudo ufw limit 22/tcp`. Fail2ban, programu inayozuia anwani zinazokosea kuingia mara kwa mara, ina faida ndogo nywila zikishazimwa.

Ukishindwa kuunganisha, maneno ya kosa yanakuonyesha pa kutazama. `Connection refused` maana yake mashine imefikiwa ila hakuna anayesikiliza poti hiyo. `Connection timed out` ina maana hakuna jibu kabisa: faiwoli, usingizi, au anwani isiyo sahihi. `Permission denied` ni suala la funguo au `AllowUsers`, na mtandao hauna kosa.

Ukiwa mbali, kazi ndefu ifanyie ndani ya `tmux`. Mtandao ukikatika kazi inaendelea, na `tmux attach` inakurudisha ulipokuwa. Terminali ikiganda baada ya mtandao kupotea, bonyeza Enter, kisha `~` na nukta: muunganisho unakatika bila kufunga dirisha. Epuka `ssh -A` kuelekea mashine usiyoiamini, kwa sababu msimamizi wa kule anaweza kutumia funguo zako muda wote ukiwa umeunganika. Kupita mashine moja kwenda nyingine, tumia `ssh -J`.

Laptopu ikipotea, ingia kutoka kifaa kingine, fungua `~/.ssh/authorized_keys` na ufute mstari wenye maelezo yake. Kufuta mstari hakukati aliyekwisha kuingia, kwa hiyo tazama kwa `sudo ss -tnp | grep sshd` nani yupo, na umtoe kwa `sudo kill` ukitumia namba ya mchakato iliyoandikwa hapo. Ndiyo sababu ni vizuri kila kifaa kiwe na ufunguo wake usionakiliwa kwenye kingine, na ufunguo wa pili wa akiba uwe umeshawekwa kwenye mashine kabla haujahitajika.